Uso Ulioongoza Kwaya

Mwalimu Bethwel Omollo hakuwahi kumkonyeza mke wa mtu maishani mwake. Tuanze na hilo, kwa sababu mtaa mzima wa Langas uliamini vingine, na mtu akishachafuliwa jina Langas, hata akijenga kwa matajiri wa Elgon View jina hilo litamfuata na mizigo yake. Alikuwa mtu wa kanisa. Alikuja Eldoret akiwa kijana kutoka Ugenya, akafanya kazi kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki, akafungua kibanda cha kushona sare za shule pamoja na mkewe Naomi. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: uso wake haukumsikiliza.

Ulianza utundu mwaka wa 2005, msimu wa kukoboa mahindi, wakati mji mzima unapumua makapi. Kope la kushoto likaanza kupiga. Bethwel akasema ni vumbi. Msimu ukapita, vumbi likatulia, kope likaendelea. Mwaka uliofuata kope la kulia likajiunga na mwenzake, macho yakawa yanajifumba yenyewe, tena kwa nguvu, na mdomo nao ukaona usiachwe nyuma, ukawa unavutwa upande wa kulia mpaka taya linalia. Alitiwa dawa za macho. Alinunuliwa miwani. Daktari mmoja wa meno, mtu mwenye haraka zake, alimng'oa magego mawili mazima, uso ukaendelea kuruka kama kawaida, ila sasa na mapengo.

Mama Rael, mke wa mzee mmoja wa kanisa, ndiye aliyepeleka mashtaka. Alidai Mwalimu anamkonyeza wakati wa sadaka, na si mara moja. Baraza likamwita Bethwel. Alisimama mbele yao kwa adabu, na kabla hajafungua kinywa akamkonyeza mwenyekiti, akamkonyeza mweka hazina, akageuka akaikonyeza kalenda ya ukutani yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Mchungaji Walubengo akaifunga kesi hapo hapo. Mama Rael, nasikia, aliondoka amevunjika moyo kidogo.

Sasa tuje kwenye kwaya, maana huko ndiko uso huu ulikopata cheo.

Bethwel alikuwa na msimamo wake kuhusu uongozaji. Mikono, alisema, ni ya kuwaonyesha waumini kwamba mwalimu anafanya kazi. Mwimbaji wa kweli aangalie uso. Kwa hiyo tangu zamani, kabla ya maradhi, alikuwa amewafundisha alama zake. Nyusi zikipanda, soprano wapande. Shavu la kushoto likijaa, alto waingie. Macho yakifumbwa kabisa na mdomo ukivutwa kulia, besi wanyamaze, wanyamaze kabisa, asibaki hata mmoja wa kunguruma. Alama hii ya mwisho aliitilia mkazo kwa sababu ya besi mmoja aitwaye Kipkorir, kijana wa pale pale Langas, mwenye sauti nzito ya kutikisa madirisha, ambaye hakujua wimbo unaishia wapi. Wenzake wakishaketi, yeye bado yuko kwenye amina.

Ugonjwa ulipokuja, ulizichukua alama zote hizo ukazitumia ovyo bila hata kuangalia ni wimbo gani. Kwaya, watu wenye nidhamu, wakaufuata. Katikati ya wimbo wa shangwe besi walikatika ghafla, kimya, soprano wakabaki juu peke yao. Teno waliishika sauti moja mpaka mwenzao Kituyi akaona kizunguzungu ikabidi aegemee ukuta. Bethwel, macho yamefumba, akisikia fujo hiyo alikasirika, na akikasirika uso ulizidi, na uso ukizidi kwaya ilizidi. Alijaribu kuwaeleza. Walimjibu, "Ndiyo, Mwalimu," wakaendelea kumwangalia usoni.

Halafu wakaenda mashindano ya kanda kule mjini Moi's Bridge wakaimba hivyo hivyo, na jaji mmoja aliyevaa tai akasema hajawahi kusikia kwaya inayojua kunyamaza namna ile. Wakapewa kikombe. Baada ya hapo nani angewaambia waache? Walirudi wakafanya mazoezi ya yale makosa mpaka yakakomaa.

Aliyeona raha kuliko wote ni Esther Nyokabi, soprano wa kwanza. Esther alikuwa na kibanda cha viatu vya mitumba jirani na cha akina Bethwel, na kila marobota yakifunguliwa, jozi iliyo bora kuliko zote haikufika kwa mteja. Ilifika miguuni mwake. Mwishoni mwa 2007 alikuwa na viatu vyekundu vya ngozi vyenye kifungo cha shaba, na Langas nzima ilivijua.

Mwaka uliofuata ulianza vibaya, na nyote mnajua ulivyoanza. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa, na kabla ya watu kumaliza chai ya mwaka mpya moshi ulikuwa umesimama upande wa chini wa mtaa. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana kabila. Bethwel, Mjaluo, aliambiwa yeye hana shida, atulie tu nyumbani. Esther, Mkikuyu, hakuambiwa kitu. Asubuhi moja alikuja mbio kupitia uani, pumzi hana, na Naomi akamvuta ndani, akamlaza chumba cha nyuma, akammwagia juu majoho yote ya kwaya mpaka ikawa kilima cha nguo za zambarau.

Lakini Naomi alikuwa mwanamke wa sakafu. Mtu hakuwahi kuingia kwake na viatu, hata Mchungaji, na mtu akikimbia kuokoa roho yake, mazoea yake nayo hukimbia pamoja naye. Esther alikuwa amefika mlangoni, nyuma yake kunachomwa, na akavua viatu. Akaviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine, ndipo akaingia.

Vijana walipobisha, Bethwel alifungua mlango, akaviona. Alama nyekundu mbili kwenye kizingiti. Akainua macho, na mbele ya kundi, panga mkononi, alikuwa amesimama Kipkorir. Hapo hapo uso ukashika kazi yake: macho yakafumba kwa nguvu, mdomo ukavutwa kulia, na yote yaliyofuata Bethwel aliyasikia tu.

"Mwalimu," Kipkorir akasema, "kuna mtu hapa kwako?"

"Hakuna."

"Si tuingie tuone?" sauti nyingine ikasema nyuma.

Bethwel alijaribu kufumbua macho akashindwa. Aliomba, na sala yenyewe haikuwa na maneno. Akasikia miguu ikichakura, akasikia mtu akiinama na kuinuka, halafu ile sauti nzito ikasema, "Hakuna mtu hapa. Huyu ni Mwalimu wetu. Twendeni." Nyayo zikaondoka.

Macho yalipokubali kufunguka, njia ilikuwa tupu. Viatu navyo havikuwapo. Bethwel akajiambia, hawa watu kweli wameoza, hata viatu wamepora.

Esther alitolewa na askari siku ile ile, miguu mitupu, akapelekwa uwanja wa maonyesho walikokuwa wakilala maelfu kwenye mahema, na baadaye kwa ndugu zake Nyahururu. Bethwel alilia alipoondoka. Mtu anayelia na uso wa namna ile hapendezi kutazama, lakini Naomi alimtazama.

Wakubwa wakapeana mikono, majivu yakafagiliwa, na Kipkorir akarudi kwenye kwaya, akasimama safu ya nyuma. Hakusema kitu. Kijana ambaye Bethwel mwenyewe alimfundisha kuimba alikuja mlangoni kwake na panga, na hilo halikuwa jambo la kulizungumza kati ya wimbo na wimbo. Hakumwangalia tena. Na ukiwa na macho yasiyofunguka, kutomwangalia mtu ni kazi rahisi.

Esther alirudi 2010, akafungua kibanda upya. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mama Joy, na viatu vyangu?" Naomi akaapa kwa majina yote. Esther akasema ameamini, na kwa miaka iliyofuata kila alipopita mwanamke aliyevaa kitu chekundu alimwangalia miguuni kwanza.

Uso haukupona. Ulizidi. Ikafika mahali Bethwel akawa kipofu mwenye macho mazima. Alizisalimia nguzo za stima. Kanisani alilazimika kushika kope la jicho moja kwa vidole ili aione kwaya, na mkono uliobaki ndio uongoze. Kula kukawa vita. Ndipo Mchungaji Walubengo akaja na chai ya maziwa na maneno laini: kuna kijana, Emmanuel, anajua kinanda, labda Mwalimu apumzike.

"Nitapumzika nikifa," Bethwel akasema.

"Hapana, Mwalimu, si hivyo. Ni mpaka mwisho wa mwaka tu tuone."

Mchungaji alipotoka, Bethwel alipiga hesabu zake. Kibanda Naomi angekiendesha. Binti yao Joyline alishakuwa muuguzi, anajitegemea. Lakini kwaya ilikuwa yake. Bila kwaya angekuwa mzee wa kuongozwa njia, mwenye uso wa kuchekesha watoto, basi. Aliogopa, na alimwambia mkewe hivyo wazi: "Mama Joy, naogopa."

Joyline ndiye aliyempeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mpole aliyemtazama kidogo tu akasema, "Hii ina jina, Mzee. Inaitwa distonia. Si macho yako, si meno yako, na hujarogwa. Ubongo unatuma amri ambazo hujaomba." Bethwel alitaka kumkumbatia kwa ajili ya magego yake mawili. Wakamdunga sindano za kulegeza misuli ya uso. Zikamsaidia miaka kadhaa, kisha zikachoka. Ndipo daktari akaeleza jambo la mwisho: kupitisha nyaya mbili nyembamba kwenye fuvu, moja kila upande, mpaka ndani kabisa ya ubongo, ziunganishwe chini ya ngozi na betri kifuani, itume umeme kidogo kidogo wa kuzituliza zile amri, na apewe rimoti ya kuiwasha na kuizima.

Habari hiyo ilifika Langas kabla ya Bethwel. Mzee wa Mama Rael alitaka kujua, stima ikipotea mtaa mzima, Mwalimu naye atazima? Kituyi aliuliza kama anaweza kuchajia simu. Walichanga hata hivyo, kanisa na jamaa, na kipande cha shamba Ugenya kikaondoka.

Alifanyiwa upasuaji Nairobi mwaka wa 2018. Sehemu ya kazi ile alikuwa macho, kichwa kimenyolewa na kubanwa kwa chuma, ili waupime usemi wake wakati umeme ukijaribiwa. Daktari akamwambia azungumze lolote. Bethwel hakuwa na lolote, akaimba. Umeme ukizidi ulimi ulikuwa mzito, wakaupunguza, sauti ikarudi, na muuguzi mmoja akasahau mahali alipo akaanza kumwitikia alto.

"Dada," Bethwel akasema, fuvu limetobolewa, "hapo unashuka mapema."

Haikuwa miujiza ya siku moja. Betri iliwashwa, ikarekebishwa, akarudi tena ikarekebishwa tena, na uso ukatulia taratibu, wiki kwa wiki, miezi ikapita. Asubuhi moja Naomi alikuwa akimmiminia uji akaona anamtazama. Anamtazama tu, macho wazi, bila kushika kope.

"Nini?" Naomi akauliza.

"Umezeeka, Mama Joy."

"Na wewe una rimoti siku hizi," Naomi akajibu. "Endelea hivyo nitakuzima." Kisha akaketi akalia mpaka uji ukapoa.

Basi Bethwel akarudi kwa kwaya yake, kifua mbele, kofia kichwani, tayari kuongoza wimbo wa maadhimisho ya miaka hamsini ya kanisa. Akainua mikono. Kwaya ikamtazama usoni. Uso ulikuwa shwari. Kwaya ikangoja. Bethwel akashusha mikono kuwaanzisha, soprano wakaingia, alto wakabaki wanangoja shavu, teno wakaishika sauti yao wakisubiri kuachiliwa, hawakuachiliwa, na besi walinguruma mwanzo hadi mwisho bila kukoma hata mahali pa kimya ambapo kikombe kilipatikana. Ilikuwa fujo tupu. Wakajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Emmanuel, kwenye kinanda, aliangalia dari kwa heshima.

Wiki iliyofuata kamati ya kwaya ikaomba kuzungumza na Mwalimu mbele ya wote. Kituyi, katibu, akasimama akakohoa.

"Mwalimu, tunashukuru Mungu kwa uso wako. Ni mzuri sana. Shida ni kwamba hausemi kitu. Sasa kamati imekaa, ikaona, hiyo rimoti, si unaweza kuzima? Si kabisa. Uzime tu Ijumaa, Jumapili tuimbe, Jumatatu uwashe."

"Na rimoti ikae kwa katibu," mmoja akaongeza, "isipotee."

Bethwel alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza ilifika usoni ikakaa hapo kimya. "Kwa hiyo mnataka niugue," akasema. "Nimetobolewa kichwa ili niwaone, na nyinyi mnataka niugue."

Huko nyuma kabisa Kipkorir akasimama. Hakuwa kijana tena, alikuwa na kitambi na watoto.

"Mwalimu, mimi sitaki ugue," akasema. "Lakini mimi bila huo uso sijui kunyamaza. Unajua wewe mwenyewe. Hata ile siku." Akashika kiti cha mbele yake. "Ile siku nilikuja kwako na wale vijana. Niliviona viatu. Kila mtu alikuwa anajua hivyo viatu ni vya nani. Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umefunguka kabisa, nasema ukweli mbele ya Mungu. Halafu nikakuangalia, na wewe ukafumba macho, ukavuta mdomo. Besi, nyamaza. Nikanyamaza. Nikainama nikatia viatu ndani ya koti. Jioni nikavitupa mto Sosiani."

Kanisa lilikuwa kimya kuliko Moi's Bridge. Esther alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili.

"Wewe," akasema polepole. "Viatu vyangu ni wewe."

"Ni mimi, Dada Esther."

"Miaka kumi namwangalia Mama Joy vibaya."

"Nisamehe."

Watu wakaanza kumgeukia Bethwel, wakimsifu. Mama Rael akasema kwa sauti kwamba siku zote alijua macho yale yana kazi ya Mungu. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Angekuwa mtu aliyeokoa roho kwa kukunja uso, na rimoti ingezimwa kwa heshima kila Ijumaa, na kwaya ingebaki yake mpaka kaburini. Alilifikiria hilo kwa muda, mimi sitawaficha.

Kisha akaenda mpaka safu ya nyuma, akasimama mbele ya Kipkorir, akamtazama. Hakuwa amemtazama tangu siku ile.

"Sikukupa alama yoyote," akasema.

"Mwalimu, niliona."

"Ulichoona ni ugonjwa. Macho yangu yalikuwa yamejifumba, nilikuwa hata sikuoni. Ningeweza, ningekuomba kwa magoti, lakini sikuweza hata kufumbua macho. Uso ulikuwa unaruka tu, Kipkorir, kama ulivyokuwa unaruka kila siku. Hakuna mtu aliyekuambia unyamaze. Ulinyamaza wewe."

Kipkorir alimwangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyopanga miaka yote ni yake. Akaketi. Akalia kwa sauti ile ile yake, nzito, na kioo cha dirisha kikatetemeka. Esther akaenda akaketi kando yake, akampiga kofi moja begani, kofi la kweli, halafu akauacha mkono hapo.

"Haya," Bethwel akasema baadaye, akirudi mbele na kujifuta pua. "Na nyinyi wengine pia. Yale yote ya Moi's Bridge mliyafanya wenyewe. Simameni."

Akainua mikono. Alto wakaingia kwa kuchelewa, lakini wakaingia. Kituyi akashika sauti yake, akaona inatosha, akaiachia. Wimbo ukasogea hivyo hivyo, ukiyumba, mpaka ukafika mahali pa kimya. Bethwel hakufanya kitu. Hakufumba jicho, hakuvuta mdomo. Huko nyuma Kipkorir, macho mekundu, akafunga kinywa chake mahali penyewe hasa, na Mwalimu akaendelea kumtazama, macho wazi, mpaka soprano wakamaliza.